Maneno Yaliyopigiwa Mstari

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Nyuzi, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Kwa miaka ishirini na sita alikaa katika chumba kimoja chenye mlango wa bati na dirisha la nondo, akitarizi majina ya watoto kwenye blanketi. Hakufanya kazi nyingine. Wenye harusi waliomletea mashuka yao aliwaelekeza kwa fundi wa mtaa wa pili, kwa adabu, bila kuinua macho. Kazi yake ilikuwa blanketi la mtoto mchanga basi: pembe ya chini, upande wa kulia, herufi za ukubwa wa kidole gumba, uzi wa rangi mbili. Aliandika jina kwa chaki, akabana kitambaa kwenye fremu ya duara, akavaa subana yake ya chuma kidoleni ili sindano isimchome, na kuanzia hapo ungeweza kumwita mara tatu asikusikie. Kila herufi aliifunga fundo lake kwa nyuma. Mafundi wengine hufunga fundo moja mwisho wa jina, mtoto akivuta uzi jina zima linafumuka. La Mama Nyuzi halikufumuka.

Kwa miaka mingi kazi hiyo haikumtaka kufikiri. Majina yalikuwa yale yale ya kina babu na kina bibi, na mikono yake iliyajua kuliko kichwa. Kisha ikaingia fasheni. Wengine walisema ilitoka kwenye simu, wengine wakasema kwa wenye pesa zao, lakini ghafla kina mama walianza kuona haya kumpa mtoto jina ambalo mtoto wa jirani analo. Wakakimbilia kamusi. Wa kwanza mtaani alikuwa mjukuu wa msusi, yule mwanamke mwenye mdomo mwepesi aliyekuwa na saluni upande wa pili wa ukuta. Mjukuu akaitwa Mbalamwezi. Wakafuata Umande, Machweo na Utusitusi, na pacha wawili, Radi na Ngurumo. Siku moja kliniki muuguzi alisimama mlangoni na daftari lake akaita, "Umande! Ukungu! Ngurumo!" Bibi mmoja aliyekuwa amesinzia kwenye benchi akazinduka. "Jamani," akasema, "hapa kliniki, au mnatangaza hali ya hewa?" Benchi zima likacheka hadi watoto wakaanza kulia.

Mama Nyuzi alisimuliwa kisa hicho na msusi mwenyewe, kwa sauti zote na mikono yote. Aliposikia mwisho wake alisema, "Kumbe," akaendelea kushona.

Alikuwa hivyo tangu mumewe alipofariki, miezi minane nyuma. Mambo yalimfikia kama redio inayolia nyumba ya tatu: alijua kuna mtu anasema, hakujisumbua kujua anasema nini. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika. Wanawe wawili, waliokuwa wakifanya kazi miji ya mbali, walipompigia simu aliwaambia hajambo, na hakuwa akiwadanganya, maana hakuumwa popote. Hakulia msibani, na watu walimsifu kwa hilo. Wakasema amejikaza. Watu huuhurumia msiba unaolia. Ule usiolia huuacha uendelee na shughuli zake, wasiulize unafanya nini huko.

Mumewe alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Kwa miaka thelathini alisoma vitabu vya watu vikiwa bado karatasi zisizobanwa, akitafuta makosa kwa kalamu nyekundu. Alikuwa mkali wa maneno kuliko alivyokuwa mkali wa chakula au wa watoto. Aliwahi kumtoa mwenye duka la dawa nje ya duka lake, mbele ya wateja, ili aone kosa kwenye bango lake mwenyewe. Halafu koo likaugua. Wakampasua, na sauti haikurudi. Mikono nayo ikaanza kutetemeka kiasi kwamba hakuweza kuandika hata jina lake. Alichoweza ni kuchora mstari.

Basi akawa anazungumza na mkewe kwa kamusi. Ilikuwa kamusi kubwa, mgongo wake umeshikizwa kwa gundi ya kiwandani. Aliifungua juu ya magoti, akapekua taratibu, akapigia neno mstari kwa penseli, akaisukuma upande wa mkewe. Kiu. Mto. Baridi. Dirisha. Mkewe akasoma, akaleta maji, akanyanyua mto, akaongeza shuka, akafungua dirisha. Lakini hata kitandani hakuacha majivuno ya kazi yake. Kwenye huruma aliweka shufaka. Alipotaka kuuliza habari za wanawe walio mbali, alipigia mstari ghaibu. Wiki ile ya kurudi hospitali kupimwa alipigia mstari wahaka, na mkewe akalazimika kusogea dirishani asome kwamba ni wasiwasi unaomnyima mtu raha. "Si ungesema una wasiwasi tu, baba?" alimwambia, na mgonjwa akatabasamu.

Adhuhuri moja alimsogezea ukurasa wenye neno jitimai. Mama Nyuzi alisoma maana yake: huzuni kubwa iliyomkaa mtu moyoni. Alipoinua macho alimkuta mumewe anamtazama, anasubiri. Mtu aliyeishi naye miaka thelathini na mmoja, ambaye alipokuwa na sauti hakuwahi kuzungumzia moyo wake, alikuwa amemwambia jambo.

"Nimeona," alisema Mama Nyuzi.

Akafunga kitabu, akaenda kuchemsha maji ya dawa. Saa ya dawa ilikuwa bado.

Mumewe alifariki siku tisa baadaye. Neno la mwisho kupigiwa mstari lilikuwa dirisha, na alimfungulia.

Wageni wa msiba walipotawanyika, mikono yake ilikosa pa kukaa. Akachukua kitambaa kirefu cheupe cha pamba, akaiweka kamusi mbele yake, na akaanza kutarizi maneno yote yaliyopigiwa mstari, moja chini ya jingine, kwa mpangilio aliopewa. Hakuhitaji tarehe, mpangilio aliukumbuka. Yalikuwa arobaini na mawili. Alipomaliza alifunga kamusi ndani ya kabati la nyumbani, na kitambaa akakipeleka dukani, kwa kuwa ukuta wa upande wa saluni ulikuwa na doa la unyevu kutoka kwenye bomba la msusi, na doa lilikuwa likichafua blanketi. Akakipigilia hapo misumari minne. Sababu nyingine ya kukitundika hakuwa nayo, au hakuitafuta.

Mteja wa kwanza aliyekiona alipiga makofi. "Haya ndiyo majina mapya?"

"Ni maneno," alijibu Mama Nyuzi.

Habari ikasambaa kwamba Mama Nyuzi ana orodha. Maneno ya angani yalikuwa yamekwisha, kila mtu anayo. Sasa yalitakiwa maneno ambayo hata mwalimu akiita darasani atasita kwanza. Mama mmoja akachukua Shufaka, bahati yake. Mwingine, mpangaji wa kupita, akachukua Ghaibu. Muuza mboga wa pembe ya barabara akachukua Wahaka, kwa mtoto wa kiume. Hakuna aliyeuliza maana. Kuuliza maana kulikuwa kumeanza kuhesabiwa ushamba. Mama Nyuzi aliandika kwa chaki, akashona, akafunga mafundo.

Hadi alipokuja mke wa fundi viatu.

Fundi viatu alikuwa na kibanda chake ng'ambo ya barabara, mkabala na duka. Yeye na mkewe walikuwa wameoana miaka tisa bila mtoto. Mke alikuwa amezunguka hospitali zote anazozijua, na maneno ya mawifi aliyasikia mengi kuliko ya madaktari. Sasa mimba ilikuwa ya miezi saba, na alitembea nayo katikati ya barabara kama mtu aliyebeba trei ya glasi.

"Hodi, Mama Nyuzi! Nimekuja kuchagua kabla wenzangu hawajanimalizia."

"Karibu, mwanangu."

Msusi naye akaingia nyuma yake, kitana mkononi, mteja kamwacha na kichwa nusu. "Chagua upesi, yamebaki makapi. Hilo Dirisha naona bado lipo."

"Dirisha! Fundi wangu si atanirudisha kwetu?"

"Wewe cheka tu. Wakifika darasa la kwanza utawakuta kina Dirisha watatu na Mlango mmoja."

Wakacheka hadi mke wa fundi akashika kiuno. Kisha akasogea ukutani, akapitisha kidole juu ya herufi zilizoinuka, neno kwa neno, hadi kidole kikasimama.

"Hili. Ji-ti-mai." Akalirudia kwa sauti ya chini. "Lisikieni. Kama mtu anakoroga asali. Maana yake nini, mama?"

"Eti maana!" msusi akadakia. "Bibi yako wa kijijini ndiye anayeuliza maana."

"Mimi nauliza. Miaka tisa nimemsubiri, nitashindwaje kuuliza?"

Mama Nyuzi alikuwa na sindano mkononi, uzi bado haujaingia tunduni. Kumweleza maana lilikuwa jambo la pumzi moja. Lakini pumzi hiyo ingevuta nyingine: kwa nini neno la namna hiyo limetundikwa ukutani, nani alilipigia mstari, na alijibiwa nini.

"Ni neno la zamani," alisema.

"Zuri?"

"Lina uzito wake."

"Basi ndilo," akasema mke wa fundi, na uso wake wote ukafunguka. "Zambarau na nyeupe, mama. Na mafundo yako yale."

Hakukuwa na uongo hata mmoja katika majibu yale, na ndiyo sababu yalikuwa mabaya. Mtu anayesema uongo angalau anajua amesema uongo. Mama Nyuzi alichukua kipande cha kweli, akakitumia kufunika kweli yenyewe, na mama aliyeuliza kwa moyo mweupe akaondoka ameridhika. Kulishona kulimchukua siku mbili. Alidhani mkono ungekataa njiani, labda kwenye herufi ya tatu au ya nne. Haukukataa.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, mwenye sauti. Kuanzia siku waliyotoka hospitali, kila asubuhi fundi viatu alifungua kibanda kwa kelele. Aligonga misumari kwenye soli huku akiimba mwenyewe, na mkewe alipomletea mtoto amwone, mtaa mzima ulijua.

"Jitimai wa baba! Nani ameamka? Jitimai ameamka!"

"Mtoto anaitwaje, fundi?" wateja walimuuliza.

"Jitimai. Jina la kamusini hilo, si la kuokota. Lete kiatu."

Sauti ile ilivuka barabara, ikaingia dirishani na kumkuta Mama Nyuzi kwenye kiti chake. Jitimai. Jitimai wangu. Jitimai, njoo kwa baba. Alisikia kila mara, akahesabu bila kutaka, kwa siku moja mara kumi na nne. Hakuhisi uchungu. Alijua tu kwamba kuna jambo linatendeka, na kwamba yeye analijua, na kwamba anashona.

Siku ya kumi fundi alivuka barabara na aproni yake ya ngozi.

"Mama, kesho tunakwenda kumwandikisha. Ofisi ya vizazi. Nawe twende."

"Mimi nina kazi, mwanangu."

"Kazi haikimbii. Mke wangu kasema wewe ndiye bibi wa jina, hatuendi bila wewe. Ukikataa ataanza kulia, na siku hizi akilia anamwamsha na mtoto, na mtoto akilia nami nagonga kidole."

Kukataa kungehitaji sababu. Mama Nyuzi akakubali.

Ofisi ilikuwa ukumbi mrefu wenye mabenchi yaliyofungwa sakafuni kwa skrubu na feni isiyozunguka. Watu walikuwa wengi, karibu kila mwanamke na mtoto wake. Mbele palikuwa na kioo chenye tundu la kuzungumzia, na nyuma ya kioo karani mwenye miwani, mtu mpole, aliyeinamia daftari kubwa. Walisubiri hadi saa tano. Ilipofika zamu yao ikaonekana kwamba fomu haina nakala, fundi akatoka mbio kutafuta mashine ya kutolea kopi. Kisha ikaonekana cheti cha hospitali hakipo kwenye bahasha. Mke wa fundi akampa Mama Nyuzi mtoto, akarudi kwenye benchi kupekua mkoba.

Kwa hiyo Mama Nyuzi alisimama peke yake mbele ya kioo, na mtoto mikononi amefunikwa blanketi, pembe ya jina ikiwa juu.

Karani alivuta fomu, akasoma. Kalamu ikasimama. Akainua nyusi, akamtazama mtoto, kisha akaishusha kalamu tena kwenye daftari.

Mama Nyuzi aliinamia tundu. "Unalijua neno hilo?"

"Nalijua, mama. Tulilisoma shuleni, kwenye mashairi."

"Unajua maana yake?"

"Najua."

"Na unaandika?"

Karani akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Nimeona, mama. Nimeona kabisa. Mwezi huu tu nimeandika Kiwewe mmoja na Tanzia wawili. Sasa mimi nifanyeje? Kazi yangu ni kuandika. Wamekuja wenyewe, wamechagua wenyewe. Nikianza kumwuliza kila mtu kama anajua maana, foleni hii itafika barabarani."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayeeleza saa za kazi. Na Mama Nyuzi aliutambua utulivu ule. Aliijua sauti ile ilikaa wapi kooni, ilipita wapi, iliacha nini nyuma yake. Alikuwa ameitumia mara mbili, kwa mtu aliyekuwa anakufa na kwa mtu aliyekuwa anangoja kuzaa.

"Usiandike," alisema.

"Mama?"

"Weka kalamu chini. Usiandike mpaka nizungumze na mama yake."

Mke wa fundi alikuwa anarudi, cheti hewani kama tiketi ya bahati nasibu. "Nimekipata! Kilikuwa ndani ya nepi!" Akaona nyuso zao. "Kuna nini? Fomu imekosewa?"

"Mwanangu," alisema Mama Nyuzi, "jitimai ni huzuni. Ni huzuni kubwa iliyomkaa mtu moyoni. Nilijua siku ile uliponiuliza."

Mke wa fundi alicheka. "Acha utani wako, mama." Hakuna aliyecheka naye. Akamgeukia karani, na karani akatazama daftari lake.

"Nilikuuliza," alisema, na sasa sauti ilikuwa nyembamba. "Nilisimama mbele yako na tumbo langu nikakuuliza maana yake nini."

"Uliuliza."

"Ukaniambia lina uzito."

"Nilikuficha."

Mwanamke wa nyuma yao alijifanya anamfunga mwanawe kofia ambayo ilikuwa imefungwa. Fundi viatu aliingia na nakala zake mbili, anahema. Mkewe alimweleza kwa maneno machache. Fundi alisikiliza, akakuna shingo.

"Labda kamusi ndiyo imekosea," alisema. Kisha akaona kwamba hata yeye mwenyewe hakuchekeshwa. "Siku kumi na moja, mama. Siku kumi na moja nimempigia kelele hilo jina barabara nzima, nawe upo pale dirishani. Ulikuwa hunisikii?"

"Nilikuwa nakusikia."

Mke wa fundi alimnyang'anya mtoto. Akamfunua, akamkumbatia kwenye khanga yake, na blanketi akamtupia Mama Nyuzi kifuani.

"Fumua."

"Nitakwenda nalo dukani, kesho nitaku—"

"Hapa hapa. Sirudi nyumbani na kitu hicho kwenye mkoba wangu."

Karani akaita, "Anayefuata."

Mama Nyuzi akakaa mwisho wa benchi, akatoa kimkasi chake kidogo ambacho hakikosi mkobani, akaanza kufumua. Jina lilikuwa na herufi saba na mafundo saba, na kila fundo lilikuwa limefungwa lisifunguke. Ilibidi alikate kwa ncha, alivute kwa kucha, kisha arudishe uzi kitanzi kwa kitanzi. Kazi aliyojivunia miaka ishirini na sita sasa ilimpinga mkononi. Mke wa fundi alikaa kando, akimnyonyesha mtoto, macho kwenye mkasi. Mumewe alisimama mlangoni, akitazama nje. Herufi mbili zilitoka.

"Lilifikaje ukutani?" aliuliza mke wa fundi hatimaye.

"Ni la mume wangu. Yale yote ni ya mume wangu. Sauti ilipokwisha alikuwa ananionyesha maneno kwenye kamusi. Kiu. Dirisha. Akitaka jambo ananionyesha."

"Na hili alikuonyesha?"

"Alinionyesha."

"Ukamjibuje?"

Mama Nyuzi alikuwa amefika kwenye fundo la tatu. Lilikataa ncha ya mkasi mara mbili.

"Nilimwambia nimeona."

Mke wa fundi alimhamishia mtoto kwenye titi la pili, akafunika kifua, akageukia upande mwingine. Hakumtukana. Mama Nyuzi alikuwa amejiandaa kwa matusi, na yangemfaa. Aliendelea kufumua. Herufi ya mwisho ilipotoka, nyuzi za zambarau na nyeupe zilikuwa zimejaa mapajani kama manyoya, na pembe ya blanketi ilikuwa tupu, lakini si tupu kabisa: kila mahali sindano ilipopita palibaki kitundu, na vitundu hivyo, ukivitazama kwa nuru ya dirisha, bado vilisomeka.

Aliwapa. Fundi alilipokea, akasema asante kwa mazoea, kisha akaonekana kujuta kuisema. Waliondoka bila kuandikisha. Mama Nyuzi alirudi kwa miguu.

Alasiri hiyo aling'oa misumari minne, akashusha kitambaa. Doa la unyevu lilikuwa limeongezeka, limefika karibu na dari. Msusi alichungulia. "Umekishusha? Na wateja wangu wawili wanasubiri kuchagua?" Mama Nyuzi akamweleza. Msusi akaingia, akashika ncha ya pili ya kitambaa kile kirefu, wakakikunja pamoja.

Kesho yake alikwenda kwa muuza mboga, kamusi kwapani. Muuza mboga alikuwa akinyunyizia maji mafungu yake, mtoto mgongoni.

"Wahaka? Mbona najua, mama. Simu si ninayo? Nilitafuta siku ile ile."

"Na hukubadili?"

"Nibadili nini? Mimba ile yote nililala na wahaka na kuamka na wahaka. Baba yake kaondoka mwezi wa nne. Mtoto katoka salama, wahaka nikamwachia yeye jina, mimi nimebaki bila. Utachukua mchicha?"

Mama Nyuzi hakukubaliana naye. Aliona kwamba mtoto si mahali pa kutua mizigo, na akamwambia hivyo, kwa adabu. Muuza mboga akamwambia kwamba amesikia, na kwamba mtoto ni wake. Ndivyo ilivyokuwa, mtu huyo alijua alichofanya. Mama Nyuzi akachukua mchicha akaenda zake. Mama yake Ghaibu hakumpata. Mpangaji yule alikuwa amehama, na hakuna aliyejua kwa uhakika alielekea wapi. Hilo lilibaki, na Mama Nyuzi hakujaribu kujifanya kwamba halikubaki.

Tangu hapo kamusi ikakaa mezani dukani. Mteja akileta neno, Mama Nyuzi anavaa miwani, anafungua, anamsomea maana hadi mwisho, aulizwe asiulizwe. Wengine hushukuru. Wengine hukasirika wakaenda kwa fundi wa mtaa wa pili, ambaye naye ameanza kutarizi majina.

"Utawamaliza wateja," msusi alimwambia kupitia ukutani. "Unawasomea kama hakimu anasoma hukumu."

"Na wasikie."

Mtoto wa fundi viatu aliandikishwa mwezi uliofuata. Wakampa jina la mama yake fundi, jina la kawaida kabisa, ambalo muuguzi akiliita kliniki wanasimama wanne. Fundi alirudia kelele zake za asubuhi, kwanza kwa sauti ndogo, baadaye kwa kubwa. Mkewe alipita mbele ya duka kila adhuhuri na chakula cha mumewe, na kwa wiki sita hakugeuza shingo. Mama Nyuzi hakumwita. Hakuona kwamba ana haki ya kuharakisha jambo hilo.

Wiki ya saba alisimama mlangoni, mtoto begani, blanketi mkononi. Hakuingia.

"Haya matundu," alisema. "Yanaziba?"

Mama Nyuzi akalipokea, akanyoosha pembe kwenye nuru, akapitisha kidole. "Ukifua kwa maji ya moto kitambaa hujifunga. Si chote."

"Nimefua mara tatu."

"Basi haya yaliyobaki yatabaki."

Mke wa fundi alimtazama kwa muda, kama anayepima kama kuna kitu kingine nyuma ya jibu hilo. Hakikuwapo.

"Haya," alisema. Akachukua blanketi, akamfunika mtoto, akavuka barabara.

Mama Nyuzi aliketi. Hakuhisi nafuu, na hakuitarajia. Nyuma yake ukuta ulikuwa mtupu, na doa lake. Akavaa subana kidoleni, akachukua chaki, akamwandikia mtoto mwingine jina ambalo mama yake alikuwa amesomewa maana.